Upendo Uliogeuka Kisasi: Habari za Kitabu cha Emily Brontë

Katika shule zetu watoto husikia majina ya waandikaji wa Ufaransa tangu madarasa ya chini, lakini wale wa Uingereza hutufikia kwa kuchelewa, kama wageni waliopita njia ndefu. Wengine tumewajua kwa Kifaransa. Wengine tumewajua kwa Kiswahili, kwani Mwalimu Julius Nyerere alifasiri michezo miwili ya Shakespeare: Juliasi Kaizari, uliopigwa chapa mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Aliyesoma huo wa pili anamkumbuka Shylock, mtu aliyedharauliwa na kutemewa mate, hata siku alipopata nafasi akadai ratili moja ya nyama ya mwili wa adui yake. Hapo twaona jambo ambalo vitabu vya zamani vya Waingereza hulirudia mara nyingi: chuki haishuki kutoka juu kama mvua. Chuki ina mama yake, na mara nyingi mama huyo ni dharau.

Leo nataka kuwaeleza habari za kitabu kimoja tu, kwani ni afadhali kukifahamu kimoja vizuri kuliko kutaja kumi kwa majina. Kwa Kiingereza kinaitwa Wuthering Heights, nalo ni jina la nyumba iliyo juu ya kilima mahali penye upepo mkali. Wafaransa, tangu mwaka 1925, wanakiita Les Hauts de Hurle-Vent, na ni kwa jina hilo kwamba mimi nilikisoma mara ya kwanza, nilipokuwa katika seminari ndogo. Nasema kweli, nilikichukia. Niliona watu wake wote ni wabaya, wakubwa kwa wadogo, nikashangaa kwa nini kimewekwa katika maktaba yetu. Nilikisoma tena nilipokwisha kuwa mwalimu, nilipokwisha kuingia katika nyumba za wanafunzi wangu na kusikia magomvi ya urithi, ya watoto wa mke wa kwanza na wa pili, ya yatima waliolelewa kwa mjomba kama watumishi. Ndipo nilipoona kwamba mwandikaji huyu hakuzua kitu.

Emily Brontë alizaliwa tarehe 30 Julai 1818, katika jimbo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Baba yake, Patrick Brontë, alikuwa mtu wa Ireland, mtoto wa watu maskini, aliyepanda kwa bidii ya masomo hata akafika chuo kikuu cha Cambridge na kuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza. Mwaka 1820 aliwekwa katika mji mdogo wa Haworth. Nyumba yao ilitazamana na makaburi, na nyuma yake zilianza nyika za vilimani, pasipo miti mingi, nyasi na magugu tu, upepo na ukungu. Mama alikufa mwaka 1821, akaacha watoto sita, na Emily hakuwa ametimiza miaka minne. Mwaka 1825 dada wawili wakubwa, Maria na Elizabeth, walikufa baada ya kuugua katika shule ya bweni waliyopelekwa. Wakabaki wanne: Charlotte, Branwell aliye mvulana pekee, Emily na Anne.

Msidhani kwamba vifo hivyo vilikuwa msiba wa nyumba moja tu. Mwaka 1850 serikali ilitoa taarifa juu ya maji na usafi wa Haworth, ikaonekana kwamba kwa wastani watu wa mji ule walikufa wakiwa na umri wa miaka 25 na kidogo, na katika kila watoto 100, 41 hawakufikia mwaka wa sita. Maji ya visima yalikuwa machafu, na makaburi yalijaa. Naandika hivi kwa sababu wako wasomaji wanaofikiri kwamba watu wa Ulaya walizaliwa na afya na mabomba ya maji. Emily alilijua kaburi kabla hajajua kuandika.

Alikuwa msichana wa kimya. Alipenda kupika mkate wa nyumbani, na yasimuliwa kwamba alipokanda unga aliweka kitabu cha Kijerumani mbele yake ili mikono ifanye kazi yake na akili ifanye yake. Mwezi Februari 1842 yeye na dada yake Charlotte walikwenda Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji, kujifunza Kifaransa katika shule ya Bwana na Bibi Heger. Wao walikuwa Waprotestanti kati ya wasichana Wakatoliki, wageni mara mbili, na Emily hakufanya rafiki kwa urahisi. Lakini Bwana Heger alimwona kuwa na akili kubwa kupita dada yake. Insha zake alizoandika kwa Kifaransa zimehifadhiwa mpaka leo. Katika moja, inayohusu kipepeo, mtembeaji anaona kila kiumbe kinaishi kwa kuua kingine, anamkanyaga kiwavi aliyejificha ndani ya ua, na mara kipepeo anapita mbele ya macho yake. Ndipo anaanza kufikiri kwamba labda mateso ni mbegu ya kitu kingine. Msichana wa miaka 24 aliandika hayo kama zoezi la sarufi! Nikisahihisha insha za darasa langu mwenyewe huikumbuka ile, na kalamu nyekundu huwa nyepesi kidogo mkononi.

Mwezi Novemba mwaka ule ule walirudi nyumbani, kwa sababu shangazi aliyewalea amefariki. Emily hakuondoka tena kwa muda mrefu. Mwaka 1846 dada watatu walipigisha chapa mashairi yao kwa fedha zao wenyewe, wakijificha chini ya majina yasiyoonyesha kama ni ya mwanamume au mwanamke: Currer, Ellis na Acton Bell. Ziliuzwa nakala mbili. Naam, mbili tu. Wakaanza kuandika riwaya. Wuthering Heights kilitoka mwezi Desemba 1847.

Sasa tuingie katika hadithi yenyewe.

Bwana Earnshaw, mwenye shamba, alikwenda kwa miguu mpaka mji wa bandari wa Liverpool, maili 60 kwenda na 60 kurudi. Kabla ya kuondoka aliwauliza watoto wake wanataka zawadi gani. Hindley, mvulana wa miaka 14, alitaka fidla. Catherine, ambaye hakuwa bado na miaka sita, alitaka mjeledi wa kuendeshea farasi. Baba alirudi usiku wa tatu, amechoka sana, na ndani ya koti lake kubwa mlikuwa na mtoto mchafu, mwenye nywele nyeusi, aliyesema lugha isiyofahamika. Alimkuta njiani hana mtu, hana nyumba, akashindwa kumwacha. Fidla ilikuwa imevunjika vipande, na mjeledi umepotea kwa ajili ya kumshughulikia yule mgeni. Hindley alilia kwa sauti, Catherine akamtemea mtoto mate. Wakampa jina Heathcliff, jina la mtoto wao aliyekufa zamani. Likawa jina lake mwenyewe na jina la ukoo pia, kwani hakuwa na jingine.

Katika nyumba ile alikuwamo msichana Nelly Dean, aliyekua pamoja na watoto wale na baadaye akawa mtumishi na mlezi wao. Yeye ndiye anayesimulia karibu hadithi yote. Usiku ule wa kwanza aliamriwa kumlaza mgeni pamoja na watoto wengine, lakini akamwacha kwenye ngazi, akitumaini kwamba asubuhi hatakuwako. Anakiri mwenyewe. Namsifu mwandikaji kwa jambo hili: msimulizi wetu si malaika, naye alimfinya yule mtoto pamoja na wengine. Baadaye watoto waliposhikwa na surua, Nelly alimwuguza Heathcliff na kuona kwamba halalamiki kamwe, na moyo wake ukalainika. Lakini nani aliyemfundisha mtoto kutolalamika?

Bwana Earnshaw alifanya tendo jema sana kwa namna mbaya. Alimwokoa yatima, kisha akampenda kuliko mwana wake mwenyewe, tena mbele ya macho ya mwana huyo. Hindley akaanza kumpiga Heathcliff kwa siri. Siku moja baba aliwapa kila mmoja farasi mdogo. Wa Heathcliff alipochechemea, alidai wa Hindley, akisema asipopewa atamwonyesha baba mkono wake uliojaa alama nyeusi za mapigo hata begani. Hindley akamtupia jiwe la mizani, jiwe la chuma, likampiga kifuani. Heathcliff akaanguka, akainuka, akachukua farasi aliyemtaka. Hakulia. Nawaomba wazazi wanaolea watoto wa marehemu ndugu zao pamoja na watoto wao wenyewe wasome mlango huo polepole.

Baba alipokufa, Hindley alirudi kutoka masomoni pamoja na mke, akawa bwana wa nyumba. Alimwondoa Heathcliff mezani, akamweka pamoja na watumishi, akamkataza masomo ya kasisi, akamtia katika kazi za shamba. Mwanzoni Catherine alimfundisha kila jioni yale aliyojifunza, wakakimbia pamoja nyikani siku nzima, wasiogope adhabu ya kurudi. Hapo ndipo upendo wao ulipokua. Haukuwa upendo wa barua na maua kama ule tunaoona katika sinema. Ni upendo wa watoto wawili waliopigwa na mkono mmoja.

Jioni moja walikwenda kuchungulia dirishani mwa nyumba ya jirani tajiri, Bwana Linton, inayoitwa Thrushcross Grange. Waliona zulia jekundu na taa nzuri, na watoto wawili, Edgar na Isabella, wakilia kwa kugombania kijibwa. Wakacheka. Mbwa mkubwa akamshika Catherine kwenye kifundo cha mguu. Watu wa nyumba walimbeba msichana, wakamwosha, wakampa keki. Heathcliff wakamfukuza gizani. Catherine alikaa huko majuma matano. Aliporudi siku za Noeli alikuwa bibi mdogo mwenye vazi la hariri na kofia ya manyoya, na alipomwona rafiki yake alicheka kwa ule uchafu wake. Hakukusudia ubaya. Lakini siku ya Noeli Heathcliff alimwomba Nelly amsafishe ili awe mtu wa heshima. Edgar Linton akasema neno la mzaha juu ya nywele zake. Heathcliff akamrushia bakuli la mchuzi wa matofaa ya moto usoni. Hindley akampiga na kumfungia darini. Usiku, karibu na moto, kijana anafikiri jinsi atakavyolipa kisasi. Nelly anamwambia kwamba kuhukumu ni kazi ya Mungu na kwamba yatupasa kusamehe. Kijana anajibu kwamba furaha hiyo hataki kumwachia Mungu, na tena kwamba anapowaza kisasi hasikii maumivu.

Tusipite haraka hapa. Katika kitabu kizima sijaona neno lililo la kweli zaidi kuliko jibu hilo. Watu wengi hudhani kwamba mwenye chuki anafurahia ubaya. Emily Brontë aliona vingine: chuki kwake mtu aliyeumizwa ni dawa ya kutuliza maumivu, kama pombe ilivyokuwa dawa ya Hindley mwenyewe, ambaye mkewe alipokufa baada ya kumzaa Hareton alianza kunywa asiache tena. Kila mmoja ana chupa yake.

Edgar Linton, kijana mpole, tajiri, mwenye elimu, akamposa Catherine, naye akakubali. Jioni ile ile alimweleza Nelly jikoni mambo ya moyo wake. Alisema kwamba kuolewa na Heathcliff kungemshusha heshima sasa, kwa jinsi Hindley alivyomfanya mtu wa chini. Heathcliff alikuwa amekaa kwenye benchi gizani. Aliyasikia hayo, akatoka kimya. Hakusikia yaliyofuata, kwamba Catherine anampenda kuliko nafsi yake, kwamba anaona roho zao zimefanyizwa kwa kitu kimoja, na kwamba fedha za Edgar alitaka kuzitumia ili kumwinua Heathcliff kutoka mikononi mwa Hindley. Kijana alikimbia usiku ule, katika tufani, asionekane muda wa miaka mitatu.

Wasichana wa darasa langu la juu, nilipowasimulia sehemu hii, waligawanyika. Wengine walisema Catherine alikosa kwa sababu alitaka mali. Mmoja akasimama akasema kwamba Catherine hakutaka mali, alitaka mali iokoe mtu, na kwamba wako dada wengi wanaoolewa hivyo ili wadogo zao wapate kusoma. Darasa likanyamaza. Sikuwa na jibu tayari, na sina mpaka leo, ila naona kwamba Edgar, ambaye hakuambiwa kitu, ndiye aliyelipa.

Heathcliff alirudi mwezi Septemba 1783, kwa hesabu ya kitabu, miezi michache baada ya arusi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye fedha, mwenye maneno ya kiungwana. Mali aliipata wapi, mwandikaji hatuambii. Akaenda kukaa kwa Hindley, akacheza naye karata kwa fedha usiku hata usiku, akimkopesha, hata shamba lote likawa rehani mkononi mwake. Akamtorosha Isabella, dada wa Edgar, akamwoa bila kumpenda hata kidogo, na usiku wa kutoroka alimtundika mbwa mdogo wa msichana huyo kwa kitambaa. Nelly alimkuta yu karibu kufa, akamfungua. Isabella aliona mapenzi. Mbwa alikuwa amekwisha kujua ukweli.

Catherine, akivutwa huku na huku, aliugua akili na mwili. Alikufa mwezi Machi 1784, saa chache baada ya kuzaa msichana aliyepewa jina lake. Heathcliff alipopata habari alipiga kichwa chake katika mti, akamwomba marehemu asipumzike, bali amfuate na kumsumbua maisha yake yote. Sisi tunaomba wafu wapumzike kwa amani. Yeye aliomba kinyume. Mtu anaweza kusema ni kufuru. Lakini nimesimama katika misiba, nikasikia wajane wakisema maneno kama hayo juu ya jeneza, na padri aliyekuwapo hakuwakemea.

Hapa wasomaji wengi hufunga kitabu, na sinema nyingi huishia papo hapo, na ndiyo sababu kitabu hiki hujulikana kama hadithi ya mapenzi. Kumbe tumefika katikati tu. Nusu ya pili yahusu watoto, na kwangu mimi ndiyo yenye thamani.

Hindley alikufa kwa ulevi kabla mwaka ule haujaisha. Mwana wake Hareton, mtoto wa miaka sita, aliyepaswa kuwa bwana wa shamba, alibaki mikononi mwa Heathcliff kwa ajili ya deni. Miti iliyo karibu na nyumba ile imeinama upande mmoja kwa nguvu ya upepo, na Heathcliff alitaka kumfanya mtoto awe kama miti hiyo. Hakumpiga sana. Alifanya jambo baya zaidi: hakumpeleka shule. Akamwacha afanye kazi za shamba bila mshahara, aseme matusi, asijue herufi moja, kama yeye alivyofanyiwa na Hindley. Juu ya mlango wa nyumba ilichongwa tarehe 1500 pamoja na jina Hareton Earnshaw, jina la babu wa kale. Kijana mwenye jina lile lile alipita chini yake kila siku, asiweze kulisoma.

Kisasi kiliendelea. Isabella alikuwa amemkimbia mume, akamzaa mwana kusini, jina lake Linton, mgonjwa tangu utoto. Mama alipokufa, Heathcliff alimtwaa. Alipoona Edgar yu karibu kufa, alimfungia Catherine mdogo ndani ya nyumba mpaka akubali kuolewa na Linton. Hapo lazima tujue sheria ya Uingereza ya wakati ule. Kabla ya sheria za mwaka 1870 na 1882, vitu vya mwanamke aliyeolewa viliingia mikononi mwa mumewe. Mali ya Catherine mdogo ikawa ya Linton, Linton akalazimishwa kuandika wosia kwa baba yake, kisha akafa. Kwa arusi moja na mazishi mawili, mtoto aliyeokotwa Liverpool akawa mwenye nyumba zote mbili, na mjane wa miaka 17 akawa mtumishi wake. Hakuvunja sheria hata moja katika kuchukua mashamba hayo. Wanaojua baraza za urithi katika miji yetu hawatashangaa.

Catherine mdogo, kwa uchungu wake, alimcheka Hareton alipomwona akijaribu kujifunza kusoma kwa siri. Kijana akatupa vitabu vyake motoni. Mnaona? Kicheko kile kile cha siku ya Noeli, kizazi cha pili. Lakini safari hii msichana aliona aibu. Alikifunga kitabu kimoja kwa karatasi nyeupe, akaandika jina la Hareton juu yake, akampa Nelly ampelekee pamoja na ahadi: akikipokea, atakuja kumfundisha kukisoma, akikataa, hatamsumbua tena. Hareton hakukitupa. Muda kidogo baadaye vichwa viwili vilikuwa vimeinama juu ya ukurasa mmoja.

Jioni moja Heathcliff aliingia, nao wakainua macho pamoja. Yote manne yalikuwa macho ya Catherine aliyekufa, kwani mmoja alikuwa binti yake na mwingine mwana wa kaka yake. Alikichukua kitabu mkononi mwa Hareton, akakitazama, akakirudisha bila neno. Baadaye alimwambia Nelly kwamba sasa angeweza kuwamaliza maadui zake, hakuna wa kumzuia, ila hana tena nguvu ya kuinua mkono. Sikubaliani na wanaosema kwamba alitubu. Hakutubu, na alisema wazi kwamba haoni alilokosa. Dawa yake ilikuwa imekwisha nguvu, basi. Akaacha kula. Siku ya nne au ya tano Nelly alimkuta kitandani, dirisha li wazi, mvua imemlowesha uso.

Aliyelia alikuwa mmoja tu, naye ni Hareton, aliyeibiwa zaidi kuliko wote. Alikaa na maiti usiku kucha, akaushika mkono wake, akaubusu ule uso ambao wengine waliogopa kuutazama. Nilipokuwa kijana nililiona jambo hili kuwa upumbavu. Heathcliff alimnyang'anya shamba, jina na elimu! Lakini ndiye baba pekee aliyemjua. Siku Hindley alipokuwa amelewa na kumwachia mtoto aanguke kutoka juu ya ngazi, ni Heathcliff aliyekuwa akipita chini akamdaka, kisha akasikitika kwamba ameharibu kisasi kizuri. Hareton hakuyajua masikitiko hayo. Na kama angeyajua, naona angelia vilevile.

Wachunguzi wa vitabu wa mwaka 1848 walikiona kitabu hiki kuwa cha nguvu lakini cha kuchukiza, wakamdhania mwandikaji ni mwanamume mkali aliyeishi vibaya. Katika deski la Emily yalikutwa maoni matano ya magazeti, ameyakata na kuyaweka. Hakujibu lolote. Mwezi Septemba mwaka huo kaka yake Branwell, aliyeharibiwa na pombe na kasumba, alikufa, na dada zake ndio waliomtunza mpaka mwisho. Emily alishikwa na baridi baada ya mazishi, kikatokea kifua kikuu. Alikataa mganga, akakataa msaada, akaendelea na kazi za nyumbani akiwa amekonda. Asubuhi ya tarehe 19 Desemba 1848 aliamka akavaa nguo mwenyewe, akashuka, akajaribu kushona. Karibu na saa sita ya mchana alisema kwamba sasa angekubali mganga aje. Alikufa saa nane, akiwa na umri wa miaka 30.

Mbwa wake mkubwa, Keeper, alifuata jeneza mpaka kanisani, kisha usiku nyingi alilala mbele ya mlango wa chumba chake akilia. Anne alikufa tarehe 28 Mei 1849. Charlotte, aliyewafunulia wasomaji majina ya kweli ya dada zake mwaka 1850, alikufa mwaka 1855, mwaka wa kwanza wa ndoa yake. Baba yao alikaa miaka sita zaidi katika nyumba ile inayotazamana na makaburi, akitunzwa na mkwe wake, akafa mwaka 1861 mwenye umri wa miaka 84, akiwa amemzika mke na watoto wote sita.